Picha Iliyo Ukutani na Picha Isiyopigwa: Wapiga Picha na Historia ya Uganda



Kila mwanzo wa muhula mimi huteremka Kikuubo kununua madaftari na chaki kwa bei ya jumla. Wewe uliyewahi kufika Kampala wapafahamu mahali hapo. Ni uchochoro ulio karibu na vituo vya mabasi na Nakivubo, umebanwa na maduka pande zote mbili, na wapagazi wenye maboksi kichwani hupiga kelele ili upishe njia kabla hawajakukumba. Jina lenyewe ni la Kiganda, na maana yake ni njia nyembamba ipitayo kati ya nyumba na nyumba.

Muhula huu, wakati kijana wa dukani akifunga mzigo wangu, niliona ukutani picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mwanamume aliyevaa suti alikuwa amesimama mbele ya kaunta, mkono mmoja juu ya robota la kitambaa, na nyuma yake rafu zimejaa. Nikamwambia mzee mwenye duka kwamba baba yake alikuwa mtu wa heshima. Akacheka kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, duka hilo la kwenye picha halikuwa letu. Tulipewa mwaka 1972. Ukiitazama picha utadhani tulizaliwa humo. Sisi ndio walioitwa mafuta mingi."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Leo nataka tuzungumze juu ya wapiga picha: waliopiga picha kwa amri, aliyepiga picha akauawa, na aliyepiga picha dunia nzima ikaamka. Tukiwafahamu hao, tutajua pia namna ya kuitazama picha kama raia wenye akili zao.

Neno la makosa lenye historia ya kweli

Tuanze na sarufi, kwa kuwa tuko darasani. Neno *mafuta* liko katika ngeli ya YA-YA, hivyo kwa upatanisho sahihi tungesema *mafuta mengi*. Lakini katika Uganda ya miaka ya 1970 watu walisema *mafuta mingi*, na kosa hilo likawa jina la tabaka zima la watu. Aliyeitwa hivyo ni mtu aliyenenepa kwa mali ya ghafla.

Mali hiyo ilitoka wapi? Jenerali Idi Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Mwezi Agosti 1972 alitangaza kwamba Waasia waliokuwa wakiishi nchini waondoke katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa, wakaacha nyumba, viwanda na maduka. Serikali iliita jambo hilo "Vita vya Uchumi". Maduka yaliyoachwa yaligawiwa wanajeshi, watumishi wa serikali na raia waliobahatika. Wengine walijitahidi kufanya biashara ya haki. Wengine waliuza bidhaa zote zilizokuwamo wasijue pa kupata nyingine. Muda si mrefu sukari, sabuni na chumvi vikaadimika, na neno lingine la Kiswahili likaingia midomoni mwa watu: *magendo*.

Basi picha ya yule mzee ilikuwa imepigwa wakati huo. Haisemi uongo: baba alikuwapo, suti ilikuwapo, na vitambaa vilikuwapo. Lakini haimwonyeshi mtu aliyezipanga rafu zile kabla yake.

Hapa lugha zetu zatusaidia. Kiswahili kilikopa neno *picha* kutoka Kiingereza. Kiganda husema *ekifaananyi*, neno linalotokana na kitenzi ambacho ni ndugu wa kitenzi chetu *kufanana*. Kwa hiyo picha, kwa Kiganda, ni kitu kinachofanana na kingine. Ndugu msomaji, shikilia maana hiyo. Kinachofanana na jambo si jambo lenyewe.

Waliopiga picha kwa amri

Mwaka 2015, katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC) jijini Kampala, lilipatikana kabati lililojaa bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na negativu, yaani vipande vya filamu ambavyo picha husafishwa kutokana navyo. Hesabu yake ilifikia kiasi cha 70,000. Sehemu kubwa ilikuwa ya enzi ya Idi Amin, na nyingi hazikuwahi kuchapishwa kwenye karatasi wala kuonekana na wananchi. Kuanzia mwaka 2018, UBC ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere na vyuo vya Marekani na Australia kuzihifadhi kidijitali. Mwezi Mei 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda.

Ni nani waliozipiga? Walikuwa waajiriwa wa Wizara ya Habari. Kazi yao ilikuwa kumfuata rais popote: kwenye mikutano ya hadhara, ufunguzi wa viwanda, mapokezi ya wageni, michezo na sherehe za kijeshi. Tunawaona katika picha zenyewe kwa namna ya ajabu, maana hatuwaoni. Tunachoona ni mahali waliposimama: karibu na jukwaa, mbele ya umati, mahali ambapo mtu asiye na kibali asingeweza kufika.

Katika picha hizo Idi Amin anacheka, anacheza, anapiga kodiani, anasalimiana na wazee na watoto. Umati umejaa. Raia waliotuhumiwa kwa magendo wamesimamishwa mbele ya kamera pamoja na bidhaa walizokamatwa nazo, ili nchi ione kwamba serikali inafanya kazi. Mwaka 1975 iliundwa mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, ambayo iliweza kutoa hata hukumu ya kifo kwa mtu aliyeficha bidhaa au kuuza kwa bei ya juu. Watu hao wanatutazama kutoka kwenye filamu. Ni miongoni mwa nyuso chache za woga zilizomo katika hazina hiyo yote.

Sasa fikiri, msomaji wangu, juu ya yale yasiyomo. Karibu kabisa na Kikuubo kuna barabara mbili ambazo sisi sote hupita bila kufikiri: barabara ya Ben Kiwanuka na barabara ya Luwum. Benedicto Kiwanuka alikuwa Jaji Mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972 alikamatwa na watu wenye silaha katika jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, na hakurudi tena. Janani Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana. Aliuawa mwezi Februari 1977, na serikali ikatangaza kwamba alikufa katika ajali ya gari. Makadirio ya idadi ya watu waliouawa katika miaka ile minane hutofautiana, lakini hata yale ya chini kabisa huhesabu makumi ya maelfu. Kamera ya serikali haikuwapo walipokufa. Kama ilikuwapo, filamu yake haikuwekwa kabatini.

Hatupaswi kuwahukumu upesi wapiga picha wale. Walikuwa mafundi hodari. Ukizitazama kazi zao utaona jinsi walivyojua mwanga na jinsi walivyojua kusubiri. Walikuwa na familia za kulisha, na aliyewapa mshahara ndiye aliyekuwa mbele ya lenzi. Tena bila kazi yao tungekosa kuona jinsi utawala ule ulivyotaka kuonekana, na huo nao ni ushahidi. Lakini ni lazima tujue kwamba ni ushahidi wa upande mmoja. Anayejaza kabati kwa vicheko 70,000 anaweza kumfanya mjukuu aamini kwamba nchi nzima ilikuwa ikicheka.

Aliyepiga picha iliyokatazwa

Yupo mpiga picha mmoja ambaye jina lake wanafunzi wangu wengi hawajapata kulisikia. Naye ni Jimmy Parma, mpiga picha wa gazeti la *Voice of Uganda*, lililokuwa gazeti la serikali baada ya *Uganda Argus*.

Mwishoni mwa Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa nyara na kuletwa Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli walishuka Entebbe na kuwaokoa mateka karibu wote. Mmoja hakuwapo uwanjani usiku ule. Alikuwa bibi mzee aitwaye Dora Bloch, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, ambaye alikuwa amepelekwa Hospitali ya Mulago kutibiwa. Baada ya uokoaji ule alitolewa hospitalini kwa nguvu na kuuawa. Serikali ilidai kwamba alikuwa amekwisha kurudishwa uwanjani kabla ya shambulio, na kwamba haijui aliko.

Mwili wake ulitupwa nje ya jiji. Jimmy Parma aliupata, akaupiga picha. Kwa kitendo hicho alikamatwa na kuuawa. Mabaki ya Dora Bloch yalipatikana mwaka 1979, baada ya utawala ule kuanguka, yakapelekwa kwao kuzikwa.

Natafakari mara nyingi juu ya Parma. Alikuwa mwajiriwa wa gazeti la serikali, kama wenzake wa wizarani. Alijua ni picha zipi zinazotakiwa na ni zipi zisizotakiwa. Sijui ni nini kilichopita moyoni mwake aliponyanyua kamera, na sitaki kumsingizia maneno ya ushujaa. Ninachojua ni hiki: serikali yenye vifaru na ndege iliona kipande cha filamu kuwa ni hatari kiasi cha kumuua aliyekishika. Ukitaka kupima uzito wa picha, chukua mizani hiyo.

Aliyeifanya dunia itazame

Wa tatu ni mwana wa Nairobi, Mohamed Amin. Usimchanganye na rais yule. Walilingana jina tu. Alizaliwa mwaka 1943, akakulia Tanganyika, akaanza kupiga picha akiwa mtoto wa shule kwa kamera ndogo ya kijisanduku. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20, alianzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam. Alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Baadaye huko huko Zanzibar alifungwa gerezani karibu mwezi mmoja kwa sababu ya kazi yake. Kisha akahamia Nairobi. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya alipopigwa risasi jijini humo, Mohamed Amin alifika upesi na kupiga picha za dakika zile za mwisho.

Uganda pia aliijua vizuri. Alifuatilia utawala wa Idi Amin tangu mapinduzi ya 1971. Mwaka 1980, wakati dunia haijui rais yule aliyepinduliwa anaishi wapi, yeye na mwandishi Brian Barron wa BBC walimfuata hadi Saudia wakamhoji mbele ya kamera.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane duniani kote ni ile ya Ethiopia. Oktoba 1984 alifika Korem pamoja na mwandishi Michael Buerk. Alikuta maelfu ya watu wamekusanyika uwandani katika baridi ya alfajiri, wenye njaa, wengi wakifa mbele ya macho yake. Filamu yake ilitangazwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, kisha ikarudiwa na zaidi ya vituo 400 vya televisheni duniani. Watu walitoa fedha, wanamuziki wakatoa nyimbo za kuchangia, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia. Ni vigumu kumtaja mpiga picha mwingine wa Afrika Mashariki ambaye kazi yake iliwafikishia chakula watu wengi kiasi hicho.

Gharama yake aliilipa mwenyewe. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake wa sauti, John Mathai, aliuawa, na yeye akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa abiria katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na pwani ya Ngazija. Watu 125 walifariki, naye akiwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Hata hivyo, mwanafunzi mwema huuliza swali hata kwa shujaa. Picha za Korem zilionyesha njaa. Hazikuweza kuonyesha vizuri vita na sera za serikali zilizoikuza njaa hiyo. Kwa miaka mingi baadaye, watu wengi wa mbali walilisikia jina la Afrika wakaona tumbo la mtoto mwenye njaa, basi. Kosa hilo si la mpiga picha peke yake. Ni letu sisi watazamaji tunapodhani kwamba picha moja yatosha.

Kiswahili nacho kilipigwa picha ya upande mmoja

Labda unajiuliza kwa nini mwalimu wa Kiswahili anajishughulisha na kamera. Nitakueleza, nalo ni jambo linalonigusa.

Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo lilitoka kwa mtawala wa kijeshi, na kwa raia wengi Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani usiku: "Simama! Kitambulisho!" Mzee aliyeporwa kwa Kiswahili hakusahau. Ndiyo maana hadi leo nikiingia darasa jipya sikosi mwanafunzi anayeniambia kwamba nyumbani kwao Kiswahili huitwa lugha ya wezi na wanajeshi.

Siwakemei. Wazazi wao wanayo picha ya kweli mikononi. Lakini ni picha moja. Kiswahili hicho hicho ndicho wafanyabiashara wa Kikuubo wanachotumia na wateja wa kutoka Kongo na Kenya. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa na kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe shuleni. Safari hii hakuna bunduki nyuma yake. Kinahitaji walimu, vitabu, na wanafunzi kama wewe watakaokipiga picha kutoka pande nyingine.

Kazi ya raia mbele ya picha

Leo kila mmoja wetu ana kamera mfukoni. Serikali hupiga, wapinzani hupiga, mpita njia hupiga, na picha hizo hufika kwenye simu yako kabla hujanywa chai. Unapoipokea picha, jizoeze kujiuliza maswali manne. Ni nani aliyeipiga, na alikuwa amesimama upande wa nani? Ni nani aliyeilipia? Ni nini kilichoachwa nje ya fremu? Na kabla ya kuisambaza: je, ni ya siku hiyo na mahali hapo kweli?

Kisha kuna wajibu wa pili, ule wa kuhifadhi. Priya Ramrakha, mpiga picha mwingine wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1935, aliuawa katika vita vya Biafra mwezi Oktoba 1968. Picha zake nyingi za kupigania uhuru wa Afrika zilikaa miongo kadhaa zikiwa zimefungiwa gereji jijini Nairobi, hadi jamaa yake alipozifukua. Hapa kwetu, tangu mwaka 2011, mradi wa History in Progress Uganda umekuwa ukikusanya picha za familia na za wapiga picha wa zamani ili zisipotee. Kabati la UBC, gereji ya Nairobi na sanduku lililo chini ya kitanda cha bibi yako vyote ni nyumba za historia. Mchwa na unyevu navyo vinazijua nyumba hizo.

Nimalizie kwa yule mzee wa Kikuubo. Kabla ya kuondoka nilimwomba aishushe picha ukutani tutazame nyuma yake. Palikuwa patupu. Nikamuuliza jina la Mwasia aliyekuwa na duka hilo kabla yao. Akanyamaza, akamwita ndugu yake mkubwa kwa simu, wakazungumza kwa muda. Hawakulikumbuka. "Tulimwita Muhindi tu," akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko tena.

Nikampa kalamu. Nyuma ya picha akaandika polepole jina la baba yake, mwaka 1973, na mtaa. Chini yake akaongeza kwa Kiswahili: *Duka lilikuwa la mtu mwingine. Jina lake hatulijui.* Kisha akaitundika tena mahali pake, juu ya maboksi ya sabuni.

Nawe, msomaji wangu, fanya hivyo wiki hii. Nenda kwa mzee wa familia yako, mwombe picha moja ya zamani. Muulize ni nani waliomo, ni nani aliyeipiga, na ni nani ambaye angepaswa kuwamo lakini hayumo. Andika majibu kwa Kiswahili sanifu, katika aya mbili, uyalete darasani. Na likikosekana jina, usilibuni. Andika kwamba halijulikani.